Mizani ya Mama Milembe

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la msiba, sahani ya wali mapajani, nilipomsikia mzee mmoja nyuma yangu akimweleza mgeni marehemu alikuwa nani. "Ndiye yule mama wa mizani," alisema. "Yule aliyekuwa akipunguza kilo za pamba za watu pale kiwandani." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anavyosema fulani alikuwa mshona viatu, au fulani alikuwa na ng'ombe wengi. Mgeni akaitikia "aaa," wakahamia kwenye habari za mvua. Mimi niliweka sahani chini. Nimekuwa fundi wa mizani maisha yangu yote, nywele zimekuwa nyeupe kwenye kazi hii, na nilikuwa nimepanda basi kutoka Mwanza hadi Magu alfajiri ile kwa sababu Milembe, binti wa marehemu, alinipigia simu akaniambia, "Mama mdogo, Mama ametutoka. Njoo unisemee neno moja la kumuaga, wewe ulimjua." Nilikuwa nimeandaa neno lenyewe, fupi, la adabu, la ukarimu wake na ucheshi wake. Niliposikia sauti ya yule mzee nilijua kwamba neno lile halifai kitu.

Mwaka ninaotaka kuusema ulianzia mbali kidogo na hapo, katika karakana ya Fundi Twalib mjini Mwanza. Ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha moja lililotazama mwamba, na kila pembe ya chumba ilikuwa na mizani iliyosubiri kuponywa: za kuning'iniza za wauza samaki, za sahani za wauza nyama, za kliniki zenye sehemu ya kuweka mtoto. Harufu yake ilikuwa mafuta ya mashine na magamba ya sangara, maana hakuna mizani ya mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, inayokuja kwa fundi imeoshwa. Fundi Twalib alikuwa mtu wa mjini wa siku nyingi, babu mmoja alitoka pwani na mwingine alikuwa Mkerewe, na ufundi ulikuwa kwenye ukoo kabla yeye hajazaliwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi mwaka huohuo na cheti changu kilikuwa kikubwa kuliko akili yangu. Saa nne mkewe, Bi. Zuhura, alituletea chai ya maziwa na vitumbua, akasimama mlangoni kuhakikisha tunakula, kisha akasema kila siku maneno yaleyale, kwamba nitaolewa lini nikiwa na grisi namna hii kwenye kucha. Sikuolewa mapema, na grisi haijatoka mpaka leo.

Siku moja Fundi aliweka mezani kipande cha chuma kinene kama kifundo cha mkono wangu, kirefu kama shubiri mbili, chenye tundu katikati lililozibwa, na waya mmoja mweusi ukitokea ubavuni. Aliniambia hicho ndicho kitakachotupa mkate wetu miaka ijayo, kwamba mizani za nyenzo na mawe zinakwenda na hizi zinakuja. Mafundi tunakiita lodiseli. Alikibana kwenye jiliwa la mezani upande mmoja, waya akauunganisha kwenye kisanduku chenye namba nyekundu, akaniuliza, "Sabina, chuma hiki kinapinda?"

"Hapana, Fundi. Labda kwa nyundo kubwa."

"Kibonyeze kwa kidole."

Nilikibonyeza. Chuma hakikusogea hata kidogo, jicho langu halikuona kitu, lakini namba kwenye kisanduku ilipanda. Nikaondoa kidole, ikarudi sifuri. Nikarudia mara nyingi kama mtoto aliyepewa filimbi. Fundi alikuwa akitabasamu kwenye ndevu zake. "Umekipinda," alisema. "Hakuna chuma kisichopinda, mwanangu. Hata kikiwekewa nzi, kinapinda. Kazi yetu ni kukipata kile kinachopinda kwa haki na kurudi kwa haki."

Nimewaeleza vijana wengi jambo hili tangu hapo, na sijapata maneno mazuri kuliko yale aliyonipa siku ile. Ndani ya lile tundu, kwenye ukuta wa chuma, zimebandikwa kwa gundi nyaya nyembamba kuliko unywele, zimekunjwakunjwa juu ya vipande vya plastiki vidogo kama ukucha. Chuma kikielemewa, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Waya unaovutwa unarefuka na kukonda, umeme unapita humo kwa shida. Waya unaobanwa unafupika na kunenepa, umeme unapita kwa raha. Nyaya zenyewe ni nne, mbili za kuvutwa na mbili za kubanwa, na kisanduku kinasoma tofauti kati yao. Jua likipiga, zote nne zinapata joto sawa, kwa hiyo joto halidanganyi. Nilichokishika siku ile, na ambacho vitabu vya chuo vilinipita nacho, ni kwamba chuma hakijui uzito. Hakijui lori wala pamba wala samaki. Kinajua tu jinsi chenyewe kilivyopinda, na sisi ndio tunaosema kupinda huku kunaitwa kilo kadhaa. Ukikielemeza kupita kiasi chake, hakirudi tena sifuri. Kinabaki na kupinda kidogo kusikoonekana kwa jicho, na tangu siku hiyo kila kinachosema ni uongo.

Msimu wa pamba ulipokaribia, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kule Magu kilimwita Fundi Twalib abadilishe mizani yao ya malori. Ile ya zamani ilikuwa ya nyenzo, jukwaa lake limekaa juu ya shimo ambalo mtu mzima angeweza kushuka akasimama na kufagia. Tulilijaza shimo kifusi na zege, tukaweka lodiseli nne, moja kila kona, na juu yake jukwaa jipya la chuma, pana na laini, limezungukwa na fremu ya zege. Kati ya chuma na zege tuliacha nafasi ya kidole pande zote, ili jukwaa lisiguse kitu chochote isipokuwa zile lodiseli. Fundi alipiga magoti akapitisha kidole chake kwenye nafasi ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mzee wa umri ule, na suruali yake safi. Kisha akarudi Mwanza, akaniacha mimi niilinde mizani msimu mzima. Nililia kidogo basi lake lilipoondoka.

Nilipewa chumba kwa karani wa mizani, mjane mmoja aliyeitwa Veronika, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Milembe kwa kila mtu kuanzia meneja hadi wabeba marobota. Chumba changu kilikuwa kile ambacho yeye aliwekea mazao. Nililala kati ya magunia ya mpunga na mtungi wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na vumbi la pamba lilikuwa limejipenyeza mpaka kwenye chandarua. Milembe, bintiye, alikuwa anasoma shule ya msingi na alikuwa na maswali kuliko mwalimu. Jioni tulikula jikoni, kwenye mkeka, wali na dagaa wa nazi siku za neema, ugali na mlenda siku nyingine, na maziwa ya mgando yaliyokatika kwa kijiko. Wali ule lazima niuseme. Mtu aliyekulia kanda ya ziwa anajua kutafuna wali kwa tahadhari, maana mpunga ulioanikwa chini hauachi kuwa na chembe za mchanga. Wali wa Mama Milembe haukuwa na hata chembe moja. Nilimsifu, akacheka, akasema ni siri ya wanawake wa mtaa huu.

Siri yenyewe niliiona Jumapili ya kwanza. Malori hayaji Jumapili, na lile jukwaa la chuma lilikaa pale wazi juani, safi, limechemka kama kikaango. Wanawake wa mtaa walikuja na ungo na magunia, wakamwaga mpunga wao juu yake, wakautandaza kwa miguu, huku wanacheka na kupiga soga, na jioni wakauzoa mkavu usio na jiwe wala mavi ya kuku. Walikuwa wakifanya hivyo miaka yote kwenye mizani ya zamani, na Mama Milembe ndiye aliyekuwa na ufunguo wa geti. Mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Limi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliniachia bakuli la mpunga wake kama shukrani. Nililipokea kwa mikono miwili. Nami nilikuwa na cheti, na sikuona ubaya.

Mwanzo wa msimu kila kitu kilikwenda vizuri. Malori yalitoka vijijini na pamba ambayo wakulima walikuwa wamekwisha kuipima kwenye vyama vyao vya msingi, na juu ya pamba walikaa wawakilishi wao kuhakikisha kilo hazianguki njiani. Mama Milembe alikaa dirishani, akasalimia kila mmoja kwa "mwangaluka" hata kama amechafukwa, akasoma uzito kwa sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia. Alikuwa na sauti kubwa, ya kanisani. Kisha upungufu ukaanza. Lori la kijiji kimoja lilikuja likakuta kilo zimepungua kuliko walivyopima wenyewe, likafuata la pili, na la tatu. Yalikuwa zaidi ni malori ya mchana. Ya asubuhi hayakuwa na shida kubwa. Mtu aliyeumia kuliko wote alikuwa Ngassa, katibu wa chama cha kijiji cha mbali, mwanaume mwenye nguvu na kofia ya pama, mwaminifu kwa kadiri nilivyomjua. Kila kilo iliyopotea kati ya kijiji na kiwanda ilihesabiwa kuwa ameila yeye. Watu wake walikuwa wameanza kumtazama vibaya, naye alihitaji mtu wa kumtazama vibaya.

Nilisikia maneno kwanza kwenye kibanda cha chai nje ya geti. Walikuwa wamenipa mgongo. "Mizani ni mpya, haiwezi kukosea," mmoja alisema. "Kinachokosea ni mkono." Mwingine akasema lisemwalo lipo. Wa tatu, ambaye sauti yake niliitambua kuwa ya Ngassa, akauliza kwa nini basi kilo zinapotea mchana tu, jua likiwa kali, na akaongeza kwamba wizi wa mkono haujui saa, ila kuna vitu vinavyojua saa. Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. Mimi ni mtoto wa Usukumani, nilijua maana ya maneno yale kwa mwanamke mjane anayeishi peke yake na bintiye. Wizi ukisemwa, mtu anafukuzwa kazi. Hilo lingine, uchawi, likisemwa likakubalika, mambo hayaishii kazini. Asubuhi moja tukakuta fundo la majani limetupwa mlangoni kwetu. Mama Milembe akalichukua kwa koleo la jikoni, akaenda nalo chooni, akarudi akaendelea kuchochea uji. "Watu wana muda wa kupoteza," alisema. Lakini Milembe hakwenda shule siku ile.

Nilimpigia Fundi Twalib simu nikamwomba aje. Alikuja na mawe yake ya chuma, yale ya kupimia mizani, akalala nyumba ya wageni, na asubuhi na mapema, kabla ya jua kupanda, akayapanga juu ya jukwaa mbele ya meneja na mbele ya Ngassa na wenzake. Namba zilikuja sawasawa. Akayahamisha kona hii na kona ile, sawasawa. Alikuwa mtu wa haki na alisema alichokiona. "Mizani hii haina kosa," alitamka, na niliona macho yote yakihama kutoka kwenye jukwaa kwenda dirishani. Sidhani kama Fundi alitambua alichofanya. Alikunja mkono wa shati, akanywa chai, akapanda basi la saa tatu. Mama Milembe alibaki amekaa dirishani, na lori lililofuata alilisoma kwa sauti ndogo hata dereva akamwambia arudie.

Wiki zile nyumba yetu ilikuwa kimya. Majirani waliendelea kuja Jumapili na ungo zao, maana wao hawakuamini maneno yale, au waliyaamini nusu na mpunga ulihitaji kukauka. Mama Limi alileta mboga akaketi jikoni. Nilimsikia Mama Milembe akimwambia, "Kama ningekuwa naiba, ningekuwa na bati jipya," wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikakatika. Usiku nilimsikia akisali. Kumbukumbu hizi zikinijia sasa, kinachoniuma si kwamba walimdhania mwizi. Ni kwamba alianza kujidhania mwenyewe. Aliniuliza mara moja, kwa sauti ya kawaida, tukiwa tunachagua mchele, kama inawezekana mtu akasoma namba vibaya bila kujua, macho yakawa yanamdanganya mchana. Nilimjibu hapana, namba ninaziona na mimi. Akaendelea kuchagua mchele ambao haukuwa na kitu cha kuchagua.

Mvua za kwanza zilikuja mapema mwaka ule, kabla ya ununuzi kwisha. Wiki moja hivi baada ya mvua zile upungufu ukawa mkubwa kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimekaa ndani ya kibanda cha mizani saa sita mchana, lori limekwisha kushuka, jukwaa tupu, na namba ikagoma kurudi sifuri. Ilisimama juu kidogo. Kisha nikasikia sauti ndogo nje, kama mtu amevunja kijiti, na namba ikaanguka sifuri. Sauti ile nilikuwa nimeisikia siku nyingine nikadhani ni bati la paa linanyooka kwa joto. Nikatoka. Nikazunguka jukwaa mpaka kona ya nyuma, ile iliyo mbali na dirisha, ambayo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuitembelea. Kwenye ile nafasi ya kidole kati ya chuma na zege kulikuwa na mstari wa majani mabichi, membamba, yamesimama kama nywele za mtoto. Nikapiga magoti nikavuta. Yalitoka na mizizi, na mizizi ilitoka na tope, na tope lilikuwa limeshikana na nyuzi za pamba na punje zilizovimba. Mpunga ulikuwa umeota chini ya mizani.

Nilikaa pale chini na kila kitu kikanijia kwa mpigo. Kila Jumapili punje kidogo zilikuwa zinadondoka kandokando. Kwenye mizani ya zamani zilidondokea shimoni zikafagiwa; kwenye hii hazikuwa na pa kwenda. Zikajikusanya na vumbi na pamba, zikashindiliwa, na mvua ikazivimbisha. Asubuhi chuma kikiwa baridi kilikuwa kimesinyaa kidogo na nafasi ilikuwepo, ndiyo maana mawe ya Fundi yalisema kweli. Mchana jua lilikitanua chuma, kikabana lile tope kwenye zege, na lori likipanda, sehemu ya uzito wake ilikuwa inashikwa na tope badala ya kufika kwenye lodiseli. Ukiwa umebeba beseni la maji na mwenzako, mtu wa tatu akapitisha mkono chini yake bila kusema, nyinyi wawili mtahisi maji yamepungua. Hayakupungua. Lodiseli zilikuwa zinasema ukweli wote zilioujua: zilipinda kidogo, zikasema kidogo.

Nilimwambia Mama Milembe kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwekea ule mche kiganjani, jikoni, na mizizi yake. Aliutazama, akaketi juu ya gunia. "Ni mpunga wetu," alisema. Nilimwambia nitasafisha kona ile kimyakimya, nimwambie meneja palikuwa na uchafu, kesho kilo zirudi na mambo yaishe. Hata Fundi kwenye simu alishauri hivyohivyo, kwamba mizani itajisemea yenyewe. Mama Milembe akatikisa kichwa. Maneno yake nayakumbuka vizuri.

"Ukisafisha kimya, mwanangu, kesho kilo zitarudi. Watu watasema nini? Watasema nimeogopa, nimeacha kuiba. Nitakuwa mwizi aliyetubu."

"Na tukisema wazi, Mama, meneja atauliza nani alifungua geti."

"Atauliza."

"Utafukuzwa."

"Milembe atakuwa mtoto wa mwanamke aliyefukuzwa kazi. Siyo mtoto wa yule mwingine." Akasimama, akajifunga kanga, akasema anatoka kidogo mtaani na nisimsubiri kula. Alirudi giza likiingia, na sikumuuliza alikokwenda.

Kesho yake mchana tulifanya mbele ya watu. Lori la Ngassa lilipanda, nikawaita yeye na meneja waone namba kwa macho yao. Kisha nikachukua mundu na spoku ya baiskeli, nikalala kifudifudi na gauni langu la kazi, nikachokoa ile kona na upande wake wote, na kile kilichotoka nikakirundika juu ya gunia: tope, pamba, punje zenye mikia ya kijani. Watu walisogea. Wengine walizishika. Lori halikuwa limesogea hata tairi moja, na namba ilipanda, ikapanda tena, ikatulia pale ambapo Ngassa alikuwa ameandika kijijini kwake. Nilimtazama. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Kisha akauliza swali ambalo sote tulilijua linakuja. "Mpunga wa nani huu?"

Mama Milembe alitoka kwenye kibanda chake akasimama juani. "Wangu," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Nilianika mimi."

Wanawake wa mtaa walikuwa wamejipanga nje ya uzio, Mama Limi mbele yao, vitenge vimefunika midomo. Niliwaangalia mmoja mmoja nikisubiri asimame hata mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Meneja akamwamuru Mama Milembe akabidhi funguo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amefukuzwa. Na Ngassa, ambaye nilidhani angeomba radhi, alipanda lori lake akamwambia dereva kwa sauti ya kutosha, "Sasa umeona ujanja? Alipanda mpunga makusudi." Ndivyo habari ilivyosafiri vijijini. Fundo la majani halikutupwa tena mlangoni, hilo alilipata. Lakini mwizi alibaki mwizi, sasa mwenye akili zaidi.

Nilirudi Mwanza na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaipeleka kwa wale wanawake. Kwa miaka nilipokwenda Magu kumsalimia Mama Milembe niliwapita mlangoni bila kuwasalimia, jambo ambalo kwetu ni kama kutukana. Yeye alilima mpunga wake, akamsomesha Milembe, akanipikia, na kila nilipomwambia turudi tukasafishe jina lake alinipa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, nitafune, akaniambia, "Waache." Hakuwahi kukanyaga tena kiwandani. Siku moja tulipita karibu na geti, nikaona anageuza uso upande wa pili wa barabara mpaka tulipovuka, halafu akaendelea na mazungumzo pale yalipokatikia. Fundi Twalib alifariki akiwa bado anasema ile asubuhi ya mawe ndiyo aibu yake kubwa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba chuma kizuri kinarudi sifuri. Kuhusu watu hakuna aliyenifundisha.

Basi nilipoitwa chini ya lile turubai, wasifu umekwisha kusomwa na katekista ameketi, niliacha neno langu la adabu. Nilisema mimi ni fundi wa mizani. Nikawaeleza chuma kinavyopinda, mizani inavyoweza kusema kidogo bila mtu kuiba, mpunga ulivyoota kwenye kona ya nyuma. Nikawaambia nimesikia leo, hapahapa msibani, mama huyu akiitwa mpunguza kilo. "Na mpunga ule haukuwa wa kwake peke yake," nilisema. "Wenyewe wamo humu." Nilisema kwa ukali, na nilikusudia ukali.

Kisha bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele kabisa, karibu na jeneza, akashika bega la mjukuu wake akasimama. Ilichukua muda nimtambue Mama Limi.

"Mpunga ulikuwa wangu," alisema. "Wangu na wa hawa." Akaonyesha kwa mkono, na wengine wawili wakainuka, mmoja kwa mkongojo. "Veronika huyu alipita kwetu jioni ya kuamkia siku mliposafisha ile mizani, nyumba kwa nyumba. Akasema, waume zenu ni vibarua wa kiwanda, mkisema tutafukuzwa wote, watoto watakula nini. Mimi ni mmoja, acheni nitoke mmoja. Akatuapisha. Nilitaka kusema pale kwenye uzio, mwanangu, Mungu ananiona. Yeye akanitazama, akanikataza kwa macho." Akageukia jeneza. "Sasa umelala, dada. Sasa nimesema."

Milembe alimfuata akamshika, wakasimama hivyo. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya yule bibi, nikamwamkia shikamoo, ile niliyomnyima miaka yote, akaitikia marahaba huku ananipapasa kichwa.

Wakati wa kwenda makaburini vijana wanne walilinyanyua jeneza mabegani. Yule mzee aliyekuwa ameketi nyuma yangu alikuwa ametangulia kusimama njiani, na alipoivua kofia yake ya pama nikaona kwamba ni Ngassa. Alisubiri jeneza limfikie. Akamgusa begani kijana aliyebeba kona ya nyuma.

"Nipishe hapa," alisema.